Mlango wa Tatu Kulia kwa Kiatu

Sehemu ya Tisa

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Mvua ilinyesha usiku kucha ikakatika alfajiri. Jua lilitoka limenawa uso, na njia zote za mtaa zikabaki na tope laini, limelala kama unga uliokandwa, likimngoja mtu wa kwanza alikanyage.

Tulimwacha Mzee Soli, fundi viatu, amesimama mlangoni kwake saa tatu kasoro dakika tano. Koti jeusi la harusi na misiba mwilini, tai imemkaba koo, macho yamemtoka kuelekea kona. Kule kona kulikuwa na kulabu ya chuma. Kulabu ilikuwepo.

Kiatu hakikuwepo.

"Dada!" alipiga ukelele. "Dada, toka nje! Tumeibiwa mtaa!"

Usicheke, msomaji. Hakukosea hata neno moja.

Kiatu hicho si cha kuvaa. Marehemu baba yake alikishona kwa ngozi ya ng'ombe mzima, kirefu kama kitanda cha mtoto, akakitundika pale kona miaka arobaini iliyopita ili kutangaza kazi yake. Watu wakahamia, kila mmoja na lugha yake, mpaka lugha zikafika kumi na moja katika mtaa ambao mtu mzima huumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Kila kundi likaiita ile njia kwa jina lake, na hakuna aliyelielewa la mwenzake. Lakini Kiatu kila mtu alikiona. "Ukifika kwenye Kiatu, pinda kulia." "Ukikipa Kiatu mgongo, nenda mbele." Mgeni hapa hujifunza Kiatu kwanza, salamu baadaye.

Na leo, katika Jumamosi zote za Mungu, alikuwa anakuja Mkunga.

Mkunga na Soli walijuana kwenye lango la hospitali ya mji wa pili, ambako Soli hupeleka viatu vyake kila Jumatano. Bibi huyo mjane alinunua jozi moja. Wiki iliyofuata Soli akamletea nyingine ambayo hakuiagiza: cha kushoto namba arobaini, cha kulia thelathini na nane.

"Nani amekwambia miguu yangu haifanani?" aliuliza.

"Umeniambia mwenyewe," Soli akajibu, "kwa unavyotembea."

Tangu siku ile barua zikaanza, ingawa Soli alikuwa amejifunza kuandika mwaka jana tu, katika darasa la jioni, na barua moja ilimla juma zima na penseli mbili.

Barua ya mwisho ya Mkunga ilikuwa fupi. "Nitakuja Jumamosi kwa basi la saa tatu. La kurudi ni saa saba. Usinipokee kituoni, nataka nijue kama wewe ni mtu anayepatikana. Nikikupata, tutazungumza. Nisipokupata, Jumatatu nahamia kwa mwanangu, mbali, na tusisumbuane tena."

Naye Soli alikuwa amejibu kwa mkono wake: "Fuata ukuta unaonuka mkate. Ukifika kwenye Kiatu, pinda kulia. Mlango wa tatu. Nitakuwa nimesimama."

Kusimama alikuwa amesimama. Ila sasa nani angejua amesimama wapi?

Dada yake mkubwa alitoka na ufagio mkononi.

"Kelele za nini? Hakuna wizi hapa. Nimekishusha mimi jana jioni. Njiwa walikuwa wamekigeuza choo chao. Mgeni wa heshima aje akikute vile?"

"Kiko wapi sasa?"

"Nilikipeleka bombani nikakisugua mpaka kikang'aa. Alfajiri nikampa yule Mpaka Rangi mgeni, mwenye ngazi ndefu, aje akitundike."

"Akitundike wapi, Dada?"

"Swali gani hilo? Pale pake! Nimemwelekeza vizuri kabisa. Nimemwambia, nenda moja kwa moja, ukifika kwenye Kiatu..."

Ufagio ukamponyoka.

"Dada," alisema Soli taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Kiatu alikuwa amekibeba yeye."

Kule kituoni, honi ya basi ikalia.

Soli aliinua macho juu. "Ee Mola," alisema, "sikuombi muujiza. Nakuomba kiatu. Kimoja tu." Kisha akakunja suruali na kutimua mbio.

Mbio zake hazikufika mbali. Pale kona alikumbana na godoro. Lilikuwa godoro nene la watu wawili, na chini yake kulikuwa na miguu miwili minene na sauti moja ya upole.

"Samahani wenyeji," sauti ilisema. "Kiatu kiko wapi?"

"Leo hakipo!" mama mmoja akajibu kutoka dirishani juu. "Wewe mwangalie huyo mzee wa koti jeusi. Ukimfikia, pinda kulia!"

Mbeba Godoro aliinua ncha ya godoro lake, akaliona koti. Akashukuru. Lakini koti lile lilikuwa tayari linakimbia.

Akalifuata.

Soli alikata kichochoro cha mafundi cherehani ili afupishe njia. Alipotokea kituoni, moyo ukimdunda kama nyundo juu ya kisigino, alikuta kituo kitupu. Basi lile, ambalo tangu liundwe halijawahi kuwahi, leo lilikuwa limewahi. Abiria wote wameshatawanyika.

"Ameenda," alisema Soli.

"Nipinde hapa?" aliuliza Mbeba Godoro nyuma yake.

Soli hakumsikia. Alikuwa ameinama, pua karibu na ardhi. Palepale penye tope, kulikuwa na nyayo. Wa kushoto mrefu, wa kulia mfupi. Arobaini na thelathini na nane. Na kisiginoni mistari mitatu, alama ambayo mkono wake huiweka kila anapomaliza soli.

Mungu hakumpa kiatu alichoomba. Alimpa kile alichokishona mwenyewe.

"Nimekupata," alinong'ona. Akaanza kufuata.

Nyayo zilipita kando ya ukuta unaonuka mkate. Huo ni ukuta wa nyuma wa Mwokaji. Asubuhi ya baridi watu huegemea pale wapate moto wa bure, na hata upakwe chokaa mara ngapi, migongo ya watu huuchora upya. Nyayo nazo zilikuwa zimesimama hapo kidogo. "Amenusa," alisema Soli, na moyo wake ukapata joto.

Zikapita kati ya kanisa na msikiti, ambavyo vina ukuta mmoja na bomba moja, na foleni moja ya ndoo isiyouliza dini ya mtu. Zikapita Benchi la Rangi Saba. Zikapita Nguzo Bubu, ile nguzo ya chuma yenye kibao cheupe kisichoandikwa kitu. Na hatimaye zikafika, ole wake, chini ya kulabu tupu, kwenye kona ya Soli mwenyewe!

Hapo zilikuwa zimegeuka kushoto, zikageuka kulia, zikageuka tena, kama za mtu anayetafuta kitu angani. Hatua thelathini kutoka mlangoni kwake! Alikuwa amepita hapa wakati yeye yuko kichochoroni anafupisha njia.

Dada alikuwa bado mlangoni.

"Kuna mwanamke alipita," alisema. "Akaniuliza Kiatu kiko wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Ukweli. Nimemwambia kimehama."

"Dada! Hukumtambua?"

"Ningemtambuaje? Ulisema ni kijana."

"Nilisema ana moyo wa kijana!"

"Sasa moyo wa mtu nitauonea wapi kwenye tope?"

Nyayo zilikuwa zinaendelea mbele, na Soli akaendelea nazo. Kumbe Mkunga, mwanamke asiyekata tamaa, alikuwa ameuzunguka mtaa mzima akitafuta Kiatu, kisha akauzunguka tena, kisha mara ya tatu. Mtu mwingine angekatiza katikati akamngojea mbele ya safari. Soli hakuweza. Mshona viatu haruki tundu. Akishaanza mshono lazima aende nao mpaka mwisho. Alizunguka mara tatu, unyayo kwa unyayo, akizipoteza na kuzitafuta upya kila palipokanyagwa na wengine.

Na mtaa ukamtumia bila huruma.

"Posta iko wapi?" aliuliza mgeni mmoja.

"Unamwona yule mzee aliyeinama? Ni mkono wake wa kushoto."

"Amegeuka."

"Basi sasa ni wa kulia."

Watu watatu walipotea. Harusi moja iliingia kwa daktari wa meno. Na nyuma ya Soli, akihema, akipinda kulia kila mara kama alivyoelekezwa, alikuja Mbeba Godoro, mtu mwaminifu, ambaye kwa kupinda kulia, kulia, kulia na kulia tena alikuwa akijikuta daima mahali pale pale pa mwanzo.

Saa sita na robo, mzunguko wa tatu, Soli aliukuta mguu wa ngazi katikati ya nyayo. Juu ya ngazi kulikuwa na Mpaka Rangi, anapaka dirisha.

"Shikamoo mzee," alisema Mpaka Rangi. Hii ilikuwa wiki yake ya pili hapa, na alikuwa anatamka kila neno kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai.

"Marahaba. Mwanangu, Kiatu umekitundika wapi?"

Mpaka Rangi aliteremka daraja mbili. Uso ulikuwa umejaa uchungu.

"Mzee, nisamehe. Nimeuliza watu wanane. Nikasema, tafadhali, mahali pa Kiatu ni wapi? Wa kwanza akaniambia, si hicho umekibeba? Wa pili akaniambia, ukikiona Kiatu umefika. Nikamwambia, nakiona. Akasema, basi umefika. Wa tatu alinigusa paji la uso kuangalia kama nina homa."

"Na wa nane?"

"Wa nane alisema ni kwenye kulabu. Nikatembea mpaka nikakuta kulabu haina kitu. Nikasema, alhamdulillahi."

"Kulabu ipi?" Soli aliuliza, na hapo hapo akakumbuka. Mtaa huu una kulabu mbili tu. Ya pili ni ile ambayo zamani ilikuwa na tundu la kasuku, mpaka kasuku akajifunza matusi kwa lugha kumi na moja akauzwa.

Kona ya kulabu hiyo, ukipinda kulia, mlango wa tatu ni kwa Kinyozi.

Kinyozi! Amefiwa na mke miaka miwili iliyopita, nywele zimetiwa piko nyeusi kuliko koti la Soli, ulimi wake laini kuliko mafuta anayowapaka wateja. Na nyayo, namba arobaini na thelathini na nane, zilielekea huko huko. Zilipanda ngazi ya mlango wake. Hazikutoka.

Soli aliingia kama upepo.

Mkunga alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolea, kile kinachozunguka, miguu imenyooshwa, kikombe cha chai mkononi. Kinyozi alikuwa amepiga magoti mbele yake na sahani ya biskuti.

"Karibu Mzee Soli," alisema Kinyozi bila kuinuka. "Leo tumefunga. Nina mgeni."

"Mgeni huyo ni wangu!"

"Ana barua," alisema Kinyozi. "Barua inasema ukifika kwenye Kiatu, pinda kulia, mlango wa tatu. Hebu toka nje uhesabu. Kiatu, kulia, moja, mbili, tatu. Mimi sikuiandika barua hiyo. Mimi naitii tu."

Kufikia hapo dirisha lilikuwa limejaa vichwa. Mwokaji alikuwepo na unga wake, mafundi cherehani na futi zao shingoni, Dada na ufagio wake, Mpaka Rangi na ngazi yake. Watu wakanong'ona, na kwa huzuni kubwa Soli alisikia wanachonong'ona.

"Ana hoja."

"Kiatu ni Kiatu."

"Umemdanganya mama wa watu!" Soli alimwambia Kinyozi. "Umejiita fundi viatu!"

"Katu! Nimesema karibu mama, umechoka, ulikuwa unangojwa. Uongo uko wapi? Mimi ni kinyozi. Namngoja kila mtu."

Hapo Mkunga akaweka kikombe chini. Kelele zikakatika zenyewe, maana alikuwa na ile namna ya kuweka kikombe chini ambayo imenyamazisha wodi nzima.

"Msimgombeze," alisema. "Hajanidanganya hata dakika moja. Sura ya fundi naijua, na hata nisingeijua, nimepokea watoto elfu mbili na mia tatu. Vidole vichanga navijua. Huyu bwana ana vidole vya mtoto wa siku nane. Hakuna fundi viatu mwenye vidole hivi."

Kinyozi alificha mikono nyuma ya sahani.

"Sasa mama," Dada akauliza kutoka dirishani, "kama ulijua si yeye, mbona ulikaa?"

"Nilikuwa nimeuzunguka mtaa wenu mara tatu kwa miguu," alisema Mkunga, "na chai ilikuwa ya moto."

Watu wakacheka. Soli hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, koti lote tope, anakitazama kiatu cha kushoto.

"Uzi umelegea hapa mbele," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaukaza. Ni kosa langu. Sikujua utatembea umbali wote huu."

Mkunga alimtazama mzee yule, tope mpaka magotini, tai imezunguka hadi nyuma ya shingo. Uso wake ulilainika. Msomaji, laiti mambo yangeishia hapo! Lakini Mkunga alivuta mguu wake taratibu, akasimama.

"Fundi," alisema, "ni nani, hilo nimeshalijua tangu lango la hospitali. Ninalouliza ni wapi."

"Wapi nini, Mama Mkunga?"

"Mimi siachi kazi yangu. Nikihamia hapa nitaendelea kupokea watoto. Sasa, mwanamke ameshikwa na uchungu. Mumewe anakuja mbio. Anakutana na mmoja wenu anamuuliza, mkunga anakaa wapi? Nielekezeni. Na Kiatu msikitaje, maana leo nimekiona kina miguu."

"Rahisi!" alisema Mwokaji, akijitokeza mbele. "Anafuata harufu ya mkate, anapita, anapita, mpaka anafika pale ambapo Kiatu..."

"Umekitaja."

"Pale ambapo kile... kile cha mguuni..."

"Umekitaja kwa kanzu nyingine."

Fundi cherehani mmoja akajaribu. "Anapita kanisa liko kulia na msikiti uko kushoto."

"Na akitokea upande wa pili?"

"Basi msikiti uko kulia na... Ngoja kwanza. Anatokea upande gani?"

"Hapo mtoto ameshazaliwa," alisema Mkunga. "Kazaliwa barabarani, juu ya lile benchi lenu la rangi saba. Na nimeona mbele yake kuna nguzo ina kibao cheupe. Kwa nini hakijaandikwa kitu?"

Watu wote walianza kuangalia miguu yao. Mwishowe Dada ndiye aliyejitoa mhanga.

"Ni kibao cha jina la njia, mwenzangu. Wakubwa wa mji walituletea miaka tisa iliyopita. Wakasema chagueni jina, andikeni. Tulikutana siku tatu. Kila mtu na la kwao. Watu wakachoka kusimama, tukanunua benchi. Tukashindwa kupatana benchi lipakwe rangi gani."

"Kwa hiyo mlikwenda kutafuta jina..."

"Tukarudi na benchi."

Honi ikalia kituoni. Ilikuwa honi ya kwanza. Saa saba kasoro robo. Mkunga alichukua mkoba wake, na Soli alihisi kama mtu amemng'oa msumari kifuani.

"Sikilizeni," alisema Mkunga. "Mwanangu ataningoja wiki moja zaidi. Jumamosi ijayo nitashuka kwa basi la saa tatu. Nitamuuliza mtu wa kwanza jina la njia anayokaa fundi huyu. Nitamuuliza wa pili, nitamuuliza wa tatu. Wote watatu wakinitajia jina moja, nitafungua sanduku langu kwake. Wakinitajia mawili, napanda basi lile lile, na hamtaniona tena."

"Siku saba?" Kinyozi aliangua kicheko. "Miaka tisa haikutosha!"

Na kweli, kabla hajamaliza kucheka, moto ulikuwa umeshawaka dirishani.

"Iitwe jina la babu yangu!"

"Babu yako alikuja juzi!"

"Iitwe Njia ya Mkate!"

"Kwa lugha gani?"

"Kwa lugha ya mkate!"

Katikati ya makelele hayo, mlango ulizibwa ghafla na kitu kikubwa, cheupe, chenye maua. Chini yake sauti ya upole, imekauka kwa kiu, ikasema:

"Samahani wenyeji. Nimempata mzee wa koti jeusi. Nimepinda kulia mpaka nasikia kizunguzungu. Natafuta kwa fundi viatu."

Soli aligeuka. "Fundi viatu ni mimi!"

Ncha ya godoro iliinuka. Macho mawili mekundu yalimtazama kwa muda mrefu.

"Wewe?" alisema Mbeba Godoro. "Nimekufuata tangu saa tatu!"

"Godoro la nani hilo?"

"Lako. Limeagizwa jana. La watu wawili."

Mkunga aligeuza shingo polepole, akalitazama godoro, akamtazama Soli.

"Fundi," alisema. "Hata jibu sijatoa, umeshanunua godoro?"

Soli alitamani ardhi ipasuke immeze na tai yake. "Si mimi! Ni Dada! Dada, sema kitu!"

"Mgeni alale wapi?" Dada alifoka. "Juu ya ngozi za viatu?"

Mkunga aliweka kiganja mdomoni. Mabega yalikuwa yanatikisika, na hakuna aliyejua kama ni hasira au kicheko. Honi ya pili ikalia. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni, kushoto arobaini, kulia thelathini na nane, na watu wakampisha kushoto na kulia huku bado wanagombana jina.

Basi Mzee Soli, ambaye maisha yake yote hajawahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya watano, alipanda juu ya kiti cha kunyolea akasimama. Alifumba macho. Midomo ikacheza kidogo, na aliyekuwa karibu alisikia, "Ee Mola, sasa naomba ule muujiza."

Alipofumbua macho, kiti kilikuwa kimeanza kuzunguka.

Kilizunguka polepole, pamoja naye, mikono ameitanua asianguke, na hivyo maneno aliyoyasema yalimfikia kila mtu kwa zamu yake: Mwokaji, mafundi cherehani, Mpaka Rangi, Dada, Kinyozi na sahani yake, Mbeba Godoro, na Mkunga aliyesimama mlangoni ameduwaa.

"Nyamazeni wote mnisikie! Mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi. Jumamosi ijayo, kabla ya basi la saa tatu, Nguzo Bubu itakuwa imesema! Itakuwa na jina, moja tu, nitakaloliandika kwa mkono huu huu, na hakuna nyumba hata moja mtaa huu itakayolikataa, hata ya Kinyozi. Nikishindwa, Kiatu cha baba yangu nitakishusha mwenyewe, nitakikata vipande, na kila mmoja wenu nitamshonea kandambili, mzivae kumsindikiza mama huyu kituoni!"